Salamu ya Kitini

Cheo changu kilikuwa kirefu kuliko mbeleko ya mwanangu: Ofisa Ajira na Ukuzaji Vipaji, Kanda ya Magharibi. Kanda yenyewe chumba kimoja hapa Kasulu mjini, juu ya duka la mabati na misumari. Ofisa mwenyewe mimi, kidato cha nne, mtoto mgongoni. Kampuni ina programu ya simu inayowapa wakulima bei za mazao, na wakulima wakikwama wanapiga. Mimi natafuta vijana wa kupokea hizo simu, nawafundisha, kisha bosi wa Dar anawahoji kwenye kompyuta. Nachagua mimi, anakubali yeye.

Kati ya vijana niliowapata kulikuwa na mdada mmoja wa Mabamba. Wazazi wake walikuja wakimbizi wakawa raia, yeye kazaliwa hapa hapa. Mume alivuka mpaka kutafuta maisha, akakata mawasiliano. Siku ya kwanza tu, huku mtoto ananyonya, akanieleza shida yake bila kuzunguka.

"Dada, wakwe wameshasema. Mtoto ni wa ukoo wao, mimi nikaolewe mbele. Nikipata kazi nachukua chumba hapa, nakaa naye. Nikikosa wanamchukua."

"Hutakosa," nikamwambia. Na sikuwa nampa moyo, asubuhi ile nilishampa simu moja ya kujaribu, nikamsikia. Mzee mmoja wa kijiji cha Kitanga alipiga anatukana, eti programu imemdanganya bei ya maharage. Yule mdada akamsalimia kwa Kiha. Akamuuliza mvua, akamuuliza nyumba, akamuuliza ng'ombe na ndama wake. Mzee akaishiwa matusi. Akamaliza kwa kumwombea baraka, maharage kayasahau.

Siku ya usaili nilimwazima blauzi yangu nzuri. Bosi akatokea kwenye kioo cha kompyuta, mvi kichwani, vipokea sauti masikioni. Sasa, kwetu Uha mwanamke aliyelelewa hamsalimii mtu mzima amekaa kwenye kiti. Anashuka chini, anapiga makofi taratibu, na hainuki mpaka aitikiwe. Mdada akashuka.

Bosi akabaki anaangalia kiti.

"Haloo? Mtu wenu kaenda wapi?"

"Anakusalimia, bosi."

"Kutokea wapi, uvunguni?"

Kuna mtu pembeni yake alicheka. Huku makofi yanaendelea, pa, pa, pa, na sauti kutoka sakafuni inasema, "Mwakeye, mwakeye."

"Bosi, itikia tu ainuke."

"Niitikie nini? Mwambie atoke huko, sina siku nzima!"

Hakuitikia. Na mdada hakuinuka, angeinukaje? Nikamnong'oneza, nikamvuta mkono, akanitazama kama namwambia avue nguo. Bosi akakata. Ujumbe ukafuata: hajiamini, mtoe ushamba, tutamwona tena wiki ijayo.

Nikampigia. Nikasema, bosi, hii kazi ni ya simu, hata akijibu amelala kifudifudi nani atamwona? Akasema ni suala la utamaduni wa kampuni. Utamaduni! Wa kwake anauita utamaduni, wa kwetu ushamba.

Basi nikamfundisha, maana nilijua nini kinasubiri kule kwa wakwe. Kaa. Nyoosha mgongo. Angalia hicho kidoa cheusi juu ya kioo, ndiyo kamera. Sema habari za asubuhi, nyamaza.

"Dada, mtu ana mvi huyo. Nimkodolee macho kama mbuzi aliyeona mwiko?"

"Mkodolee. Mtoto wako yumo humo kwenye macho."

Tulicheka mpaka watoto wetu wakaamka. Lakini kila nilipojifanya bosi, magoti yake yalianza safari yenyewe. Ikabidi ashike kiti kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyepakiwa kwenye lori. Alifanya hivyo siku baada ya siku, mpaka magoti yakatulia.

Siku ya pili ya usaili aliketi kama msumari. Bosi akafurahi. "Eeeh, umeona? Amebadilika!" Kisha akamwekea jaribio: mtu wa kule Dar ajifanye mkulima mwenye hasira.

Mdada mikono iko kwenye kiti, macho kwenye kidoa. "Habari za asubuhi. Nikusaidie nini?"

Basi. Mvua hakuiuliza, ndama hakumuuliza. Yule mkulima wa bandia akafoka, mdada akarudia, "Nikusaidie nini?"

Bosi akakunja uso. "Mbona hana joto? Wakulima wanataka mtu wa kuwapokea. Hapana, huyu hapana."

Nilisema. Msidhani nilikaa kimya. Nilimwambia joto mlilicheka wiki iliyopita, lilikuwa pale chini mkaliita uvungu. Akaniambia nichunge mdomo wangu. Niliacha kazi? Sikuacha. Nina mtoto, na huyu wangu hana ukoo wa kumdai wala wa kumlisha. Anayenitafutia hatia aipeleke kwanza Dar, ikibaki ndiyo aniletee.

Mdada alivua blauzi yangu, akaikunja vizuri, akaondoka na basi la Kibondo.

Nilimwona tena siku ya gulio, Kibondo, nimeenda kutafuta vijana wengine. Alikuwa anauza mihogo ya watu. Mgongo wake ulikuwa mtupu. Nikajua wakwe wameshafika.

Aliniona. Alisimama wima, mikono imeshika ukingo wa meza. Akanitazama machoni moja kwa moja.

"Habari za asubuhi," akasema. "Nikusaidie nini?"

Watu wanapita, mimi nikashuka chini pale pale kwenye vumbi, mwanangu mgongoni. Nikapiga makofi. Mwakeye. Mwakeye. Mwanangu akadhani ni mchezo, akacheka, akapiga na yeye.

Nilisubiri aitikie.

"Inuka, dada," akasema, anapanga mihogo. "Mtoto wako ataanguka."