Ng'ombe Aliyetemewa Mate

Juzi niliketi kutazama michoro ya kitabu cha picha ninachowaandikia watoto, kuhusu shamba la kahawa nilikokulia miaka ya hamsini, ndani kabisa baina ya Ruiru na Thika, ambako hata baiskeli ikipita mbwa walibweka mpaka jioni. Nikamkumbuka cucu, yaani nyanya yangu, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Shule yetu ya shambani ilikuwa na kitabu kimoja tu cha picha, cha shamba la Ulaya. Kila Ijumaa mwalimu alimwazima mtoto mmoja, na sharti lilikuwa moja: ukikirudisha kichafu, hutakishika tena. Mimi nilikipenda kuliko nyama.

Zamu yangu ilipofika nilimwonyesha cucu. Alipomwona nguruwe, mwekundu mwekundu bila manyoya, aliguna.

"Huyu alimwagikiwa na maji moto."

Nikafunua ng'ombe: mweupe, mnono, kiwele kinagusa nyasi.

"Ũũi! Ng'ombe ndiyo hii sasa!"

Kabla sijafunga kitabu, puu! Mate ya ugoro yakatua ubavuni mwa ng'ombe. Kwetu, ukimsifu mnyama ni lazima umtemee mate kidogo, la sivyo jicho lako litamuua.

"Cucu, hii ni karatasi!"

"Na ikikufa utasema ni nani aliua?"

Nilisugua kwa sketi yangu. Maji yakimwagika hayazoleki, sembuse mate yenye ugoro. Kila nikisugua doa linatambaa, hadi ng'ombe mzima akawa wa madoadoa. Nililia mpaka Jumatatu.

Mwalimu alifunua kitabu, akakunja uso.

"Ng'ombe huyu alikuwa mweupe."

"Cucu alimsifu, mwalimu," nikasema.

Aliyainamia yale madoadoa. Naye alikuwa na cucu wake, ng'ambo ya mto.

"Na nguruwe?"

"Nguruwe hakumsifu."

Mwalimu akatoka nje mbio. Tulimsikia akicheka nyuma ya darasa hadi akapaliwa. Aliporudi alikuwa anafuta macho.

"Ijumaa kichukue tena," akaniambia. "Cucu hajamwona kondoo."

Basi juzi nikafika kwenye ukurasa wa ng'ombe wangu. Mchoraji amemchora mnono, wa madoadoa, kama nilivyomwagiza. Ni mzuri ajabu. Cucu alikwisha kwenda zamani, na hapo nilimtaka sana awe kando yangu. Nikatazama mlangoni. Nilipoona hakuna mtu, nikamtemea yule ng'ombe mate kidogo.