Mwamba Unaoitika

Nilipokuwa kwenye meli ya mizigo ziwani, mama aliishi peke yake Nyantakara. Likizo moja aliniuliza tunakwepaje miamba kwenye ukungu. Nikamweleza taratibu: juu ya mwamba kuna kifaa kilichokaa kimya. Mawimbi ya rada yetu yakikigusa, kinaitika, na alama yake inatokea kwenye skrini.

“Kumbe mnabipiana!” alicheka. “Basi unibipu kila asubuhi, nami nitakubipu. Usipige, utamaliza vocha.”

Asubuhi moja ya ukungu, mwamba uliitika, mama hakuitika. Nikabipu tena. Kimya. Nikapiga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Navuna maharage. Nani kakwambia upige?”

Akakata. Nikabaki na simu mkononi, nikitamani angenigombeza zaidi kidogo.