Mtoto wa Mstari wa Juu

Vuta kiti, rafiki yangu, na kama una cheti cha kuzaliwa cha zamani ndani ya nyumba, kilete tukitazame pamoja. Nina kiduka cha fotokopi hapa Kibondo, na watu wanaofuatilia ukoo wao huniletea vyeti vilivyofifia wino niwasaidie kuvisoma. Nimewasomea wengi. Changu mwenyewe nilikisoma mwaka jana tu, tulipomaliza matanga ya bibi kule Kasulu.

Kilikuwa kwenye kopo la majani ya chai, kimekunjwa ndani ya mfuko wa sukari. Miaka yote bibi aliniambia sina cheti, ndiyo maana shuleni niliandikishwa kwa kadi ya kliniki. Nilikifungua nikidhani ni cha mtu mwingine. Lakini jina la mama lilikuwa la mama yangu, aliyefariki akinizaa. Na jina la mtoto lilikuwa Butoyi, likifuatiwa na jina langu la ubatizo, ambalo ndilo pekee nililowahi kuitwa.

Kama hukukulia kwetu, usijali, nitakueleza. Kwa Waha, pacha anayetangulia huitwa Bukuru, anayefuata huitwa Butoyi. Mtoto aliyezaliwa peke yake haitwi Butoyi. Nilikaa kwenye mkeka wa bibi na kile cheti mkononi, harufu ya muhogo uliolowekwa ikitoka jikoni, na utoto wangu wote ukanirudia.

Tuliishi karibu na kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Asubuhi ukungu ulishuka hadi migombani, na tuliamshwa na mchi wa jirani akitwanga kisamvu. Kazi yangu ilikuwa kuanika muhogo juu ya mwamba na kuwafukuza mbuzi. Siku niliyoipenda ni ya gulio, kwa sababu ndiyo siku aliyokuja mama wa kambini. Ndivyo tulivyomwita. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mrefu, na "Bwakeye!" yake ya kubisha hodi ilisikika hadi kisimani. Alileta mahindi ya njano ya mgao, bibi akampa ndizi na chupa ya mawese. Alikuja na binti yake, wa rika langu.

Sijapata tena rafiki kama yule. Tulikula samaki wa migebuka sahani moja, tukigombania vichwa. Alinifundisha kuhesabu kwa Kifaransa cha shule ya kambini, mimi nikamwonyesha mwamba wenye jua zuri la kulala. Jirani yetu, mwanamke asiyejua kunyamaza, akituona tu alipaza sauti:

"Wee! Mwenzako kaja! Hebu watazameni, kama wamepakuliwa sufuria moja!"

Papo hapo bibi alinipatia kazi. "Kachote maji." Mtungi ulikuwa umejaa. Nilikwenda tu, maana bibi hakuulizwa mara mbili.

Kambi ilipofungwa, watu walipakiwa kwenye malori warudishwe Burundi. Bibi alichemsha viazi vitamu, akavifunga kwa jani la mgomba, akanipeleka barabarani kumuaga rafiki yangu. Rafiki akanipa kikombe chake cha bati.

"Utakuja kwetu?" akaniuliza.

"Bibi akiniruhusu."

Bibi alikuwa nyuma yangu, akijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Moshi wa malori huu," akasema.

Sasa unaelewa kwa nini sikulala usiku ule wa cheti. Kulipokucha nilikichukua nikaenda kwa shangazi, nyumba ya pili. Nilimkuta uani anamenya muhogo.

"Shangazi, Bukuru yuko wapi?"

Kisu kikasimama. "Nani kakwambia?"

Nikamwonyesha.

"Mama yangu! Si bibi yako alisema kakichoma?"

Akanieleza huku akiangalia maganda. Mama alipofariki, watoto wawili walikuwa wanalia na hapakuwa na ziwa la kuwanyonyesha. Mama wa kambini alikuwa amezika mtoto wake wiki hiyo hiyo. Bibi akatubeba wote wawili, akatupeleka kwake.

"Mwenzako alishika ziwa. Wewe ulilikataa, ukataka maziwa ya ng'ombe. Mkaidi tangu hapo."

"Kwa hiyo akapewa?"

"Aliachwa anyonye. Bibi yako alipokwenda kumchukua, mtoto alimlilia yule mama kama anachinjwa. Ungemng'oa wewe?"

"Nani mwingine alijua?"

"Mwanangu, uliza nani hakujua."

Hapo ndipo nilipoumia. Jirani alijua. Mwalimu wangu alijua. Gulio zima lilitutazama tukigawana samaki, likacheka na kwenda zake.

Nilikwenda ofisi ya wilaya na namba ya ingizo iliyo kwenye cheti changu. Karani akafungua daftari la vizazi, na mstari wa juu ya wangu ulikuwa wake: Bukuru, mama yule yule, siku ile ile ya kuzaliwa. Kisha nikafanya kile ninachowafundisha wateja wangu. Nikalinganisha tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuandikishwa. Zilikuwa zimepishana kwa miaka. Tulipoandikishwa, dada yangu alikuwa ameshakulia kambini siku nyingi. Na mtoa taarifa, yaani aliyekwenda kutuandikisha, mistari yote miwili ni bibi, kwa alama ya dole gumba lake.

Ina maana bibi alitembea hadi mjini kumwandika mjukuu wake kuwa mtoto wa hapa. Kisha akasimama barabarani na viazi vya moto, akamwacha apandishwe lori kama mgeni. Neno moja la bibi lingemshusha. Nilimpenda sana bibi, na bado sijajua niuweke wapi upendo huo.

Ile nyumba sasa inabomoka, migombani pameota majani, na gulio limehamishwa. Mama wa kambini sijui kama yu hai. Nimeomba cheti cha Bukuru na ninacho hapa dukani, ndani ya kikombe chake cha bati. Kila mfanyabiashara anayevuka kwenda Burundi ninampa nakala na picha yangu. Nawaambia hawana haja ya kuuliza jina, watazame sura.

Lete basi cheti chako. Usianzie kwenye jina. Shuka hadi kwa mtoa taarifa, uone ni nani. Kama yu hai, mpelekee hicho cheti leo, keti karibu naye, na umuulize yote.