Uwanja Usiofagiwa

Nilipokuwa mtoto kule Kwamsisi, mtu wa nyumbani kwetu akisafiri, ufagio nao ulipumzika. Hakuna kufagia ndani wala uwanjani mpaka tujue msafiri amefika, au arudi mwenyewe. Ukifagia, bibi mzaa mama alituambia, umefuta nyayo zake, na mtu asiye na nyayo kwao atarudi kwa kufuata nini?

Siku hizi mimi ni mtu wa safari. Biashara ya machungwa inanipitisha Mkata, Segera, Korogwe na kuendelea, na watu huniuliza wafanyeje njiani. Nawaambia: ukipanda basi la asubuhi la kwenda kaskazini, kaa kushoto, maana jua litawaka kulia mpaka uchoke. Maji kunywa kidogo kidogo, dereva hasimami kila kichaka. Kanga beba mbili. Ya pili kazi yake utaijua hukohuko. Lakini ushauri wangu mkubwa nilifundishwa na ufagio, nikiwa na miaka tisa.

Mdogo wangu Sefu alishikwa na homa isiyosikia dawa za dukani. Jumanne alfajiri mama akambeba mgongoni akatoka kwa miguu, na huko mbele njiani mjomba akawapakia kwenye baiskeli mpaka barabara kuu, wakapande gari la Korogwe. Wangelala Kilole, palepale Korogwe, kwa mama mdogo, na Sefu angepelekwa hospitali.

"Ijumaa nipo hapa," mama aliniambia. "Msaidie bibi."

Bibi akaenda shamba kufukuza ndege, mimi nikabaki. Uwanja ulikuwa na majani ya michungwa na mavi ya mbuzi, na bibi hakuwa mtu wa kuvumilia uchafu. Kwenye uwanja wake ungeweza kumwaga wali ukala. Nikasema ngoja nimfurahishe. Akili ya mtoto hiyo! Nikashika ufagio wa vijiti, nikafagia kutoka mlangoni mpaka mchungwa wa mwisho. Nilipoinua kichwa nikaona alama za ndala za mama kule njiani, zinaondoka. Huku uwanjani hapakuwa na hata moja.

Nikakumbuka maneno ya bibi. Nikayarudisha majani mbiombio, nikayatawanya kama yalivyokuwa. Bibi aliporudi akasimama, akatazama, akasema tu, "Leo upepo umevuma kweli," akaingia ndani.

Ijumaa nilishinda njiani. Kengele ya baiskeli ikilia, nasimama. Mama hakuja. Jumamosi hakuja. Simu hazikuwepo, habari zilikuja na mtu, na mtu hakuja. Usiniulize niliwaza nini. Niliwaza kwamba mama na Sefu wanazunguka mahali fulani hawaijui njia ya kwetu, na mimi ndiye niliyewapoteza.

Jumapili mchana ugali ukanishinda.

"Huli una nini?" bibi akauliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini, upepo?"

Nikaangua kilio. "Bibi, nimemfuta mama! Nilifagia."

 Nikainamisha kichwa nikingojea kofi, nalo halikuja.

"Ulifagia mpaka wapi?"

"Mpaka mchungwa wa mwisho."

"Njiani hukufika?"

"Sikufika."

"Basi njia anayo. Pamebaki hapa uwanjani tu, na hapa tupo sisi. Kalete ndala zake za zamani."

Zilikuwa chini ya kitanda, ya kushoto imefungwa kwa waya. Bibi akanivalisha, zikanimeza miguu. Tukatoka mpaka njiani. Nikataka kuanza kutembea kuelekea barabarani, kama alivyoondoka mama. Bibi akanigeuza.

"Sivyo, mke mwenzangu. Za kwenda zimeshafutika, ziache. Sasa tumwekee za kurudi."

Basi nikatembea kuelekea nyumbani, nakanyaga kwa nguvu ili alama zitokee, bibi kanishika mkono nisianguke. Kila hatua anasema, "Karibu mwanangu. Karibuni. Pole na safari." Tulipofika mlangoni akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. Hapo ndipo nilipojua kwamba bibi naye alikuwa anaogopa. Siku zote zile nilimhesabu mama kuwa ni mama yangu tu. Kumbe alikuwa pia mtoto wa bibi.

Jumanne jioni mama akaingia, Sefu mgongoni anatafuna andazi. Daktari alikataa kuwaachia mpaka homa iishe kabisa. Nilimkumbatia miguu hata akashindwa kutembea. Akatazama chini, akaona alama zinazoingia ndani.

"Nani kavaa ndala zangu?"

"Wewe," bibi akajibu. Kisha akanitupia ufagio. "Haya, sasa fagia."

Nimekua, nimesoma, na najua homa ya Sefu haikuwa na habari na ufagio wangu. Tena kwa miaka kadhaa nilimcheka bibi. Nilipochaguliwa kwenda sekondari Korogwe, shule ya bweni, aliniagiza neno moja tu: "Ukifika, tuma salamu." Nikafika salama, nikapata marafiki, nikanogewa. Barua niliiandika wiki ya tatu, na ilikuwa ya kuomba sabuni.

Niliporudi likizo, mama akanivuta pembeni.

"Unajua bibi yako kaishi kwenye majani mpaka barua yako ilipofika? Majirani wanapita wanasema, mzee sasa kachoka. Mjomba wako akataka kumfagilia, akamnyang'anya ufagio."

Yule bibi wa uwanja wa kumwaga wali! Niliona aibu, nikamwendea nyuma ya nyumba, anachambua mchicha.

"Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hukufika?"

"Nilifika."

"Basi. Nipe lile sinia."

Hakulisema tena mpaka alipotutoka. Mimi ndiye nimelibeba. Kwa hiyo wewe unayeniuliza habari za safari, mengine yote unaweza kuyasahau, hata kanga ya pili. Ila ukifika, sema umefika. Dakika moja. Huko ulikotoka kuna mtu hajashika ufagio.

Juzi nilishuka stendi ya Korogwe, na kabla sijachukua hata begi langu nikampigia mama. Ni mtu mzima sasa, magoti yanamsumbua.

"Shikamoo mama. Nimefika."

"Marahaba mwanangu. Alhamdulillahi."

Alisahau kukata. Nikamsikia anaguna, anainama, kisha ufagio ukaanza.