Kofia Zilizopimwa kwa Kikombe

Nani alikudanganya kwamba utafiti wa tiba hufanywa na watu wenye makoti meupe peke yao? Mimi nilidanganywa na chuo kizima, miaka minne, tena nikafaulu vizuri. Nilitoka pale na cheti cha takwimu, kalamu mbili mfukoni na imani kwamba dunia inaharibika kwa sababu watu hawajazi fomu. Kisha nikaajiriwa wodi ya watoto wachanga, nikakutana na Mama Kofia.

Wodi yenyewe iko ghorofa ya pili, mwisho wa korido, na ukiingia unaanza kutoka jasho. Joto lile ni la makusudi: mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake hajui kujipasha moto. Watoto njiti wetu ni wa makundi mawili. Kundi la kwanza mama zao wanaishi na virusi vya UKIMWI. Kundi la pili mama zao hawana. Utafiti unauliza swali moja tu: wakisaidiwa kupumua kwa njia ileile, wanapata nafuu sawasawa?

Msaada huo hauna makuu. Mrija unapeleka hewa yenye oksijeni puani mwa mtoto, na mwisho wake wa pili unazama ndani ya chupa ya maji. Maji yakitoa mapovu, ujue hewa inasukuma vya kutosha na mapafu madogo hayajifungi. Mapovu yakinyamaza, hewa inavuja mahali. Kazi yangu ilikuwa kupita kila saa, kutazama chupa na kuandika: yanatoka, hayatoki. Zamu ya usiku wauguzi waliniandikia.

Sasa, mrija haukai puani kwa kuombwa. Unafungwa kwenye kofia ya mtoto, kamba kulia, kamba kushoto. Kofia zilizokuja na mashine zilikuwa kubwa, watoto wakawa wanazama mpaka kidevuni kama vitunguu kwenye mfuko. Hapo ndipo mhudumu wa wodi, mama wa miaka hamsini na sita aliyeajiriwa kupiga deki, kufua na kuchemsha vifaa, alipotoa sindano za kufumia kwenye mkoba wake. Kipimo chake kilikuwa kikombe cha bati cha chai, chenye ua jekundu lililobanduka nusu. Kofia ikikibana kikombe sawasawa, itakibana kichwa cha mtoto wa kilo moja na nusu. Tangu siku hiyo akawa Mama Kofia, na jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye karatasi za ofisi tu.

Kila siku saa tatu kamili asubuhi, simu yake huwika kama jogoo. Mara ya kwanza niliruka.

"Umeogopa nini, Msomi?" aliniuliza huku akitoa kidonge. "Huyu ndiye mume wangu wa pili. Wa kwanza aliniachia virusi, huyu ananikumbusha dawa. Miaka kumi na saba hajachelewa hata siku moja. Mwanamume gani mwingine unamjua wa hivyo?"

Alisema hivyo mbele ya mama wote waliokuwa wamewapakata watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi, na wote wakacheka. Kwenye kona, mama mmoja wa miaka ishirini hakucheka. Alimtazama tu Mama Kofia akimeza. Huyo alikuwa amepata majibu yake kliniki ya wajawazito miezi miwili kabla, na mwanawe alizaliwa na gramu elfu moja na mia moja. Wodi nzima ilimwita mtoto huyo Mzito. Kesho yake yule mama alikuja kukaa karibu na Mama Kofia, na keshokutwa akaleta kidonge chake mwenyewe wameze pamoja, jogoo akiwika.

Basi ikaja barua. Profesa anayeongoza utafiti, kutoka makao makuu, aliandika kwamba kwa wiki tatu mapovu ya kundi la kwanza yamekuwa yakinyamaza mara nyingi mno kuliko ya kundi la pili. Huenda watoto hao hawafaidiki na mashine. Yeye na wenzake wawili wangefika Alhamisi kuamua kama kundi hilo lisitishwe. Kusitishwa maana yake mashine zao zinafungwa na wanarudishwa kwenye oksijeni ya kawaida, Mzito akiwemo. Na kwa uzito ule, Daktari wa wodi alisema hawezi kuahidi chochote nilipomuuliza itakuwaje.

Nilisoma barua ile mara mbili, damu ikanichemka. Takwimu zile nilizikusanya mimi, na nilijiona ninajua zinasema nini. Nilikaa kwenye meza yangu ya kona, Jumatano hiyo asubuhi, nikaandika kurasa tatu. Niliandika kwamba tatizo si mapafu ya watoto bali mioyo ya watu. Kwamba wauguzi wa zamu ya usiku wanawapita watoto wa mama wenye virusi kama vile si watoto. Nikaweka kichwa cha habari, *Unyanyapaa Wodini*, nikakipigia mstari mara mbili.

Mama Kofia aliniletea chai, akasimama nyuma yangu akisoma, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Umempelekea Sista mkuu hii?"

"Bado."

"Afadhali. Maana haya mahubiri, mwanangu, si ripoti. Yanakosa sadaka tu."

"Mama, unawatetea? Tazama namba. Mapovu yamenyamaza mara sitini na tatu wiki hii, na hamsini na tano ni za kundi la kwanza."

"Namba nimeziona. Wewe umemwona nani akimpita mtoto?"

Nilianza kupekua kurasa zangu.

"Yule Sista mrefu wa zamu ya usiku, unayemuita katili ukurasa wa pili, ndiye aliyemkandamiza Mzito kifua kwa vidole viwili mpaka akarudi, ile Jumapili. Ulikuwa umelala kwenu." Akaweka kikombe mezani. "Kwenye makaratasi yako umeandika mtoto alivaa kofia gani?"

"Kofia? Fomu haina sehemu ya kofia."

"Fomu haina," alisema, kama mtu anayempa pole mgonjwa. Akaenda stoo, akarudi na daftari la shule lenye jalada lililokunjika. Ndani, kwa mwandiko wa mviringo, alikuwa ameandika kila kofia: rangi yake, kitanda, tarehe iliyovaliwa, tarehe iliyofuliwa. Aliandika kwa sababu mama wengine walizipenda wakaondoka nazo, naye alitaka kujua ni nani wa kumpigia simu na kumtania.

Tulikaa, daftari lake kushoto, makaratasi yangu kulia. Mimi nasoma kitanda na saa, yeye anasoma rangi. Njano. Njano. Bluu. Njano. Njano. Njano. Kufikia ya ishirini sauti yake ilikuwa imeshuka. Tulipomaliza, katika mara sitini na tatu, hamsini na nne zilikuwa za kofia ya njano.

"Uzi ule," alisema polepole. "Wa pamba uliisha dukani, nikachukua huu wa njano. Laini, unang'aa kama kifaranga."

Alichukua kofia mpya ya njano ambayo haijavaliwa, akakivisha kikombe. Ilibana vizuri. Akachukua ya zamani, iliyokwisha kufuliwa kwa maji ya moto mara tano sita. Ilipita kwenye kikombe mpaka mezani kama pete ya mtu mnene kwenye kidole cha mtoto. Kofia iliyolegea hivyo haiwezi kushika mrija puani. Siku zote alipima kofia kabla ya kufua. Baada ya kufua hakuwahi kupima hata moja, kwa sababu uzi wa pamba haukuwahi kumwangusha.

"Lakini kwa nini kundi la kwanza?" niliuliza. "Njano zingeenda kwa kila mtu."

Alivua miwani, akaifuta kwa khanga, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Nilizipendelea. Ndizo nzuri kuliko zote. Nikaona hawa mabinti wanaoanza dawa, wamejikunyata, hawataki hata kuangaliwa, basi angalau mtoto wake awe na kofia inayong'aa kuliko ya jirani. Nikawapa wao."

Nitasema ukweli, maana nimejifunza kwake. Nilichomwambia hakikuwa cha kishujaa. Nilimwambia tubadilishe kofia leo leo, kesho mapovu yatakuwa sawa, wageni watafurahi, nani atajua?

Ndiyo mara pekee niliyomwona amekasirika.

"Na zile wiki tatu utazifanyaje? Zitabaki kwenye vitabu vyenu zinasema watoto wa mama kama mimi hawawezi kupumua. Kesho hospitali nyingine itasoma, itasema hawa msiwape mashine, wanapoteza hewa bure. Hapana. Kesho nitawaambia kofia ni zangu." Kisha akanitazama juu mpaka chini. "Na wewe hayo mahubiri yako chana."

Niliyachana vipande vinne. Alisema vidogo zaidi, nikarudia.

Uzi wa pamba ulikuwa bado haujaingia dukani. Mama Kofia alisimama katikati ya chumba cha kina mama, akavua sweta lake la kijani, la pamba tupu, alilolivaa tangu nianze kazi, joto lisiwe joto, akatafuta ncha ya uzi kiunoni na kuanza kulifumua mbele ya watu.

"Mama, jamani, utavaa nini?" alisema mama wa Mzito.

"Nitavaa umri wangu. Nani anajua kufuma hapa?"

Watatu walijua. Wawili walijifunza palepale, watoto wakiwa kifuani, sindano zikigongana juu ya vichwa vyao. Mimi nilipewa kazi ya kushika uzi usijifunge, nikasutwa kila dakika tano kwamba nimeufunga. Mama mmoja alifuma kofia yenye kona tatu. Tuliicheka mpaka Sista mkuu akaja kuuliza kuna nini, akaambiwa yote, akavuta kiti, akachukua sindano. Hakuniuliza nilikuwa nimeandika nini asubuhi, na sikumwambia. Bado sijamwambia.

Jioni jua likiwa bado dirishani tulikuwa na kofia saba za kijani, ukitoa ile ya kona. Kila moja ilichemshwa, ikanyooshwa kwa pasi mpaka ikakauka, ikapimwa kwenye kikombe. Ikachemshwa tena, ikapimwa tena. Zote saba zilibana. Mzito alivishwa ya kwanza, na chupa yake ikaanza kuchemka kama sufuria ya uji.

Siku iliyofuata, Alhamisi, saa mbili na robo, Profesa alifika na wenzake wawili. Alikuwa mama mwembamba, koti jeupe, uso usiotoa habari. Walikaa kwenye meza ndefu ya chumba cha wauguzi, wakafungua mafaili. Kabla Daktari hajamaliza kuwakaribisha, mlango ulifunguliwa kwa kiwiko. Mama Kofia aliingia na birika la umeme mkono mmoja, kikombe cha bati mkono wa pili, kofia kadhaa begani na daftari kwapani, bila sweta.

"Shikamoo," aliwaamkia, ingawa Profesa huenda alikuwa mdogo kwake. "Kosa mnalolitafuta ni langu. Naomba soketi."

Daktari akamwonyesha soketi.

Maji yalipochemka, akavisha kikombe kofia mpya ya njano, ikabana. Akakivisha ya kijani, ikabana. Akazitumbukiza zote mbili kwenye birika, akasubiri, akazitoa kwa kijiko, akazikamua. Ya kijani ilikibana kikombe kama mwanzo. Ya njano ililegea palepale. Kisha akalifungua daftari mbele ya Profesa, akaeleza uzi, akaeleza kuosha, na alipofika kwenye kupendelea hakuruka neno. Mimi niliweka fomu zangu pembeni mwa daftari, na Profesa akapitisha kidole, rangi kwa kitanda, kitanda kwa saa.

Aliinuka, akatoka. Sote tukamfuata hadi kwa Mzito. Profesa aliinama, akatega sikio kwenye chupa, saa mkononi. Dakika ya kwanza mapovu. Ya pili, mapovu. Mama wa Mzito alikuwa ameshika ukingo wa kitanda. Ya tatu, mapovu. Jogoo akawika. Wageni wawili walishtuka; Mama Kofia na yule binti wakatoa vidonge vyao, wakameza, na Mzito hakujali hata kidogo.

Profesa alijinyoosha.

"Kundi linaendelea," alisema. "Wiki tatu hizi zitaandikwa pamoja na sababu yake, na fomu itaongezwa sehemu ya kofia." Akageuka kwa Mama Kofia. "Lakini umechemsha ya njano moja tu mbele yetu. Moja haitoshi. Unazo nyingine mpya?"

"Ninazo mbili."

"Tuchemshe."

Tulirudi chumba cha wauguzi, maji yakawashwa tena. Kofia ya pili iliingia birikani, ikatoka imelegea. Mama Kofia aliinua ya tatu, akaigeuza mkononi, njano ile inang'aa kama kifaranga, kisha akamsogezea Profesa.

"Hii ichemshe wewe," alisema. "Mimi nisije nikaipendelea."

Profesa akakunja mikono ya koti lake jeupe, akaitumbukiza.