Neno la Nyumba ya Harrow

Leo fundi anapiga plasta sebuleni kwangu, na harufu ile mbichi imenirudisha Harrow, Uingereza, kwenye nyumba tuliyohamia tulipotoka Unguja. Baba alikuwa bado hajaruhusiwa kuondoka.

Mjomba aliyetupokea alituambia nyumba ni "semi-detached". Mama akaniuliza maana yake. Nikafungua kamusi ya shule, nikamfasiria neno kwa neno: imetengwa nusu.

"Sisi tumeshatengwa vya kutosha," akasema, na masanduku hakuyafungua.

Siku ya tatu jirani yetu, bibi wa Kiingereza aliyewahi kusomesha, alituletea keki. Nikamuuliza kuhusu neno lile. Akaugusa ukuta kwa kiganja, akasema ni neno la nyumba zilizojengwa mbili mbili, kila moja ina mlango wake, lakini ukuta wa katikati ni mmoja. Zamani, akasema, watu walilitumia kwa mzaha hata kwa mume na mke wanaoishi mbalimbali.

Nilipomfasiria mama, alinigeukia.

"Muulize, hao wameachana?"

Nikauliza. Bibi hakunijibu mimi. Alimtazama mama, akatikisa kichwa polepole.

"Anasema hawajaachana, mama."

Namshukuru bibi yule mpaka leo. Alipoondoka tu, mama alifungua sanduku kubwa, akatoa kanzu ya baba, akaipiga pasi na kuitundika kabatini. Alikuwa akiipiga pasi kila Ijumaa, mpaka Ijumaa ile baba alipoivaa mwenyewe.