Marashi ya Shangazi Hadija

Wiki mbili zilizopita, katika duka moja la vipodozi mjini Tanga, binti muuzaji alinishika mkono bila kuniuliza akanipulizia marashi.

"Haya ni mapya, dada. Yana limau na chai. Ya siku za joto kama hizi, hayachoshi."

Nilinusa, nikaurudisha mkono wangu upesi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Binti akacheka, akidhani sijayapenda. Yalikuwa mazuri sana. Shida ni kwamba mara ya mwisho kuinusa harufu ile nilikuwa na miaka tisa, na kazi niliyopewa nyumbani ilikuwa upelelezi.

Tuliishi kijiji cha juu ya Lushoto, mwendo wa saa nzima kwa miguu hadi sokoni, ambako baba alipeleka kabichi na karoti zake. Shangazi Hadija, mdogo wake baba wa mwisho, alikuwa ameolewa Zirai, upande wa pili wa milima. Alirudi mwezi wa kwanza, wakati jua linapokuwa kali hata kwetu tuliozoea masweta. Alikuja na begi moja na mfuko wa majani ya chai. Sisi watoto tuliambiwa mambo mawili tu: mtoto wake alifia tumboni siku ya kuzaliwa, na mumewe amemrudisha kwao. Hayo mengine watu wazima waliyanong'ona kwa Kishambaa, kana kwamba sisi Kishambaa hatukijui, wakati Kiswahili ndicho tulichokwenda kukikuta shuleni.

Siku chache baada ya kufika, nyumba nzima ilianza kunukia. Shangazi alimenya malimau, akaanika maganda kwenye bati nyuma ya jiko, kisha akayaloweka pamoja na majani ya chai katika spiriti ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda. Aliyachuja kwa kitambaa akayatia kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Kila alipopita, ilikuwa kana kwamba mtu amekata limau mbele ya pua yako, halafu nyuma yake ukabaki ule ukavu mtamu wa majani ya chai unapofungua kopo. Mimi nilikuwa nikimfuata nyuma nivute pumzi. Mama alikuwa akifungua dirisha.

"Mwanamke aliyeachika juzi," mama alisema siku moja akipepeta mchele, bila kumtaja mtu, "anajitia marashi asubuhi, mchana na jioni. Kwa ajili ya nani?"

Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa mke wa kaka, na shangazi alikuwa wifi, na baina yao hata chumvi ikizidi kwenye mboga ilikuwa na maana. Tena lazima niseme kweli: shangazi alikuwa na mambo. Kitandani kwangu palikuwa na nafasi, lakini yeye aliomba kulala stoo ya viazi. Hakukaa kwenye kochi hata mara moja. Alikaa nje juu ya gogo, ukungu ukimlowesha. Hakunipakata, yeye ambaye kabla hajaolewa alikuwa akinibeba mpaka watu wakanipa majina ya utani. Alitupikia chai tamu ya tangawizi, naye mwenyewe hanywi. Hata maji alikunywa funda moja, kama mtu anayekunywa dawa. Na kila siku, mara mbili, alishuka mtoni na kifurushi chini ya kanga, wala hakutaka kusindikizwa.

"Zaina," mama aliniambia, "wewe una miguu mepesi. Mfuate shangazi yako uone anakutana na nani. Na baba yako asijue kwanza."

Hamwezi kujua jinsi nilivyovimba kwa fahari. Alasiri ile ile nilimfuata, nikijificha nyuma ya mahindi, kisha nyuma ya mianzi. Nilisubiri mwanamume atokee. Shangazi alitazama juu na chini, akafungua kifurushi. Ndani mlikuwa na vipande vya kanga kuukuu, vingi. Alivifua kimoja kimoja kwa sabuni ya mche, akavitandaza juu ya mawe. Halafu aliingia mtoni na nguo zake, akaketi maji yakamfika kiunoni. Maji ya kwetu ni baridi ya kuuma meno hata katika kiangazi. Aliketi humo muda mrefu, macho ameyafumba, bila hata kutetemeka.

Hakuna aliyekuja. Nilirudi nyumbani nimekasirika kama mtu aliyedanganywa.

"Umeona nini?" mama aliuliza. Alikuwa ameinama kunisikiliza, uso wake karibu kabisa na wangu, na mara chache sana alikuwa akinisikiliza namna ile.

"Nimesikia mtu anakohoa nyuma ya mianzi," nikasema. "Mwanamume."

Ndivyo nilivyosema. Kikohozi kile nilikitunga mimi, pale pale.

Mama alimwambia baba. Baba hakugomba, alikuwa mtu wa kusema kidogo. Aliiomba ile chupa. Shangazi aliileta, lakini hakuiachia.

"Kaka, chukua chochote nilicho nacho. Hii niachie."

"Hadija, katika nyumba hii nina binti anayekua. Lete."

Baba aliimwaga uani. Kwa siku mbili kuku walipapita kando pale, na mimi nilisikia raha na aibu kwa pamoja, nisijue ipi ni ipi.

Jumamosi ile kulikuwa na harusi kwa majirani. Shangazi alimwomba mama ruhusa ya kubaki nyumbani, akisema tumbo linamuuma.

"Ukibaki, nami nabaki," mama akajibu. Hakutaka kumwacha hata dakika moja peke yake. Basi tukaenda wote.

Wanawake tulikaa kwenye mikeka chini ya turubai, na lile turubai lilikusanya joto kama tanuri. Shangazi alijibana pembeni kabisa. Mimi nilikaa karibu naye, kwa sababu bado nilikuwa kazini. Mwanzoni sikuelewa kwa nini mama mmoja aliyekuwa kushoto kwetu amehama. Kisha akahama wa pili, akijifanya anaitwa. Kisha na mimi nikaipata ile harufu, nikaijua, maana nilikuwa na wadogo zangu wanaokojoa kitandani. Shangazi alikuwa akitazama mikono yake.

"Jamani," sauti moja ikasema, "mtoto wa nani amekojoa hapa?"

Vichwa vikageuka. Kwenye mkeka, pembeni ya kanga ya shangazi, palikuwa na unyevu uliokuwa unatambaa polepole.

Mama alikuwa akipita na jagi la maji na beseni, ananawisha watu kabla ya pilau. Alisimama. Alitazama mkeka, akatazama kanga, akamtazama shangazi usoni. Niliona jambo likimwingia mama yangu, kitu baada ya kitu: viazi, gogo, maji, mto.

Halafu akaanguka. Nilikuwa namtazama, na naapa hakujikwaa popote. Jagi zima lilimwagikia shangazi mapajani, beseni nalo likafuata na maji yake machafu.

"Yarabi, mikono yangu hii!" mama alipiga kelele. "Nimemlowesha wifi yangu mwili mzima! Tupisheni, tupisheni nikambadilishe nguo."

Alivua kanga yake ya juu akamfunga shangazi kiunoni, akamshika kwapani, wakaondoka. Watu wakacheka kidogo, wakarudi kwenye habari za pilau.

Nilipofika nyumbani mlango wa stoo ulikuwa umefungwa. Nikasimama nje nikasikia.

"Tangu lini?"

"Tangu yule mtoto. Siku tatu za uchungu, wifi. Baada ya hapo haja ndogo haizuiliki."

"Na hukuniambia mimi?"

"Ningekwambia, ungekula chakula nilichopika?"

 

Jumatatu mama alimpeleka hospitali, yeye mwenyewe. Huko walisema ugonjwa huo una jina, fistula, yaani tundu kwenye njia ya mkojo linaloachwa na uchungu wa muda mrefu, na kwamba hautokani na laana wala uchafu, unashonwa. Alihamishiwa hospitali kubwa ya mbali, mama akaenda naye, nasi tukapikiwa na baba ugali wenye mabonge mpaka masika yalipokatika. Shangazi alirudi akiwa mkavu. Baadaye aliolewa Rangwi na mkulima wa matunda damu, yale mekundu yanayofanana na nyanya.

Kuhusu yule mwanamume wa kwenye mianzi, mama hakuniuliza tena, hata siku moja. Kwa miaka mingi nilidhani amesahau. Sasa nadhani alijua tangu siku ya harusi kwamba nilimletea kile alichonituma kukileta, na hakuwa na uso wa kunikemea. Shangazi sijamwambia mpaka leo. Nimekaribia mara mbili.

Nilipopata mimba yangu ya kwanza, mama alikuja kunichukua mwezi mmoja kabla ya kujifungua, akanipangia chumba karibu na hospitali, wala hakusikiliza la mume wangu wala la mtu yeyote. Nilijifungua mchana, kwa shida. Muuguzi alipotoka, wote wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi la nje, mama na wifi yake, wameshikana mikono. Muuguzi alinisimulia baadaye kwa mshangao kwamba yule mdogo wao kwa umri, shangazi, hakuuliza ni wa kiume au wa kike.

Aliuliza, "Zaina ameshakwenda haja ndogo? Mwenyewe? Na ikakatika?"

Muuguzi alipojibu ndiyo, shangazi alijifunika kanga usoni akalia, na mama ndiye aliyeuliza habari za mtoto.